Siku ya Kwanza ya Bi Mirtha Huku Juu

Vitabu vyetu vya historia vinaeleza kwa kirefu vita tulivyopigana kwa ajili ya bahari, mpira wa miti na chumvi ya jangwani, na karibu vyote tulishindwa kwa heshima kubwa. Hakuna hata kimoja kinachotaja vita vilivyoanzishwa na kopo la marashi ya chooni. Upungufu huo unarekebishwa hapa, kwa unyenyekevu wote.

Asubuhi ile ya Agosti, Bi Benigna Quisbert alikuwa mbele ya kioo akijaribu kofia ya tatu. Alikuwa mwuza vitambaa vya sketi pana, mwanamke mfupi, mnene, mwenye miguu iliyozoea milima ya La Paz tangu utotoni. Mumewe, Mzee Fermín, fundi wa kofia, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akipokea zile zilizokataliwa. Mlangoni alisimama binti yao wa pekee, Yovana, muuguzi, ambaye alikwenda kufanya kazi Santa Cruz, kule bondeni kwenye joto, akarudi na mchumba.

"Mama, niahidi," alisema Yovana.

"Nikuahidi nini tena? Nimeshakuahidi nguruwe, nimekuahidi bendi."

"Niahidi hutamtukana mama yake Erlan."

"Mimi? Nimemtukana nani mimi tangu nizaliwe?"

Mzee Fermín alikohoa.

"Kikohozi hicho cha nini?"

"Vumbi la kofia," alisema Mzee Fermín.

"Mama, nampenda," alisema Yovana, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Bi Benigna aliacha kioo akamgeukia. "Wanakuja kuposa saa tisa. Akiondoka na hasira hatarudi tena. Erlan hawezi kuoa bila yeye. Leo tu. Nakuomba."

Bi Benigna alimshika binti yake shavu. "Leo halitatoka neno baya hata moja kinywani mwangu. Naapa kwa marehemu mama yangu."

Hapo ndipo Yovana alipaswa kuogopa, ila alikuwa na furaha, na furaha hupunguza akili.

Maana mwezi wa pili mwaka huo, Bi Benigna na Mzee Fermín walishuka bondeni kwa basi kwenda kumsalimu mama yake Erlan, Bi Mirtha Saucedo, mjane mwenye duka la sofa. Mtu wa getini aliwaambia leo hawanunui kitu. Walipojieleza, waliketishwa barazani nyuma, karibu na mashine ya kufulia. Bi Benigna alinyanyuka kwenda kunawa mikono, na aliporudi akamkuta Bi Mirtha ameshika kopo, anapulizia marashi ya chooni kwenye kiti alichokuwa amekalia. Macho yao yalikutana. Mtu mwingine angeficha kopo. Bi Mirtha aliongeza mipulizo miwili.

"Mbu," alisema. "Siku hizi wamezidi."

Bi Benigna alikaa kwenye kiti kile kile chenye unyevu, akala keki yake mpaka ikaisha, akashukuru. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikaa amefumba macho. Mzee Fermín, aliyemfahamu, alijua kwamba mke wake hakuwa amelala bali anapanga.

"Benigna," alisema sasa, binti yao alipoondoka mlangoni. "Mtu wa bondeni akipanda huku kwenye hewa nyepesi, siku ya kwanza hulazwa apumzike. Anapewa chai ya majani ya koka, supu kidogo, basi. Moyo wake haujazoea huku."

"Nitampa vyote hivyo," alisema Bi Benigna akiikaza kofia yake kichwani. "Akivitaka."

*

Bi Mirtha alitoka kwenye uwanja wa ndege wa El Alto akiwa na viatu vyenye visigino virefu, koti la manyoya na miwani mikubwa. Alikuwa mwanamke mzuri na alikuwa na taarifa. Nyuma yake mwanawe Erlan alisukuma mkokoteni wenye maboksi ya zawadi: keki ya ngazi tatu, mikate ya jibini, na vinywaji vya kuwatosha wajomba wote.

"Karibu, mkwe," alisema Bi Benigna, akamkumbatia kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. "Gari lipo tayari likupeleke hotelini ukalale mpaka saa nane. Wageni wengi hulala siku ya kwanza. Hasa walioenda umri."

Bi Mirtha alivua miwani. "Walioenda umri?"

"Moyo, mkwe. Ukifika miaka fulani."

"Mama, kweli, daktari alisema upumzike," alisema Erlan.

"Daktari yule ana kitambi mpaka magotini, ndiye wa kuniambia mimi nipumzike? Mimi nina hamsini na mmoja. Naamka kabla ya wafanyakazi wangu, nabeba sofa." Akamgeukia Bi Benigna. "Na wewe mkwe, una miaka mingapi?"

"Hamsini na minane."

"Basi. Kama wewe unatembea, mimi ntakimbia."

"Haya, angalau kikombe cha chai ya koka. Kile pale, bure, wanawagawia wageni."

"Asante. Mimi si ng'ombe."

"Si ya kutafuna, ni ya kunywa."

"Wala kunywa. Kwetu majani hayo tunayasoma kwenye habari za polisi."

Tunaomba msomaji ashuhudie kwamba chai ilitolewa mara mbili mbele ya watu, kwa tabasamu. Baada ya hapo Bi Benigna alipanga majeshi. Yovana na Erlan watangulie na maboksi, na Yovana apambe sebule. Yeye atamwonyesha mkwe mji. "Hajawahi kuuona mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, jamani. Ni aibu. Tutakutana chini ya ngazi za kwetu saa tisa."

"Mji mkuu upo Sucre kwenye katiba," alisema Bi Mirtha.

"Ndiyo, mkwe. Na bahari tuliyonyang'anywa ipo kwenye wimbo wa shule. Twende."

Yovana alimtazama mama yake. Mama yake alimtazama yeye, macho safi kama ya sanamu ya Bikira kanisani.

*

Walishuka kwa kibanda kinachoning'inia angani kwenye waya, mji mzima ukiwa chini yao kama sufuria iliyopasuka. Bi Mirtha alishika chuma kwa mikono miwili na kuuliza kama waya huo uliwahi kukatika.

"Bado," alisema Bi Benigna.

Walipotoka walianza kwa miguu. Bi Benigna alitembea kwa mwendo wa kawaida, yaani mwendo wa mwanamke aliyebeba mafundo ya vitambaa mgongoni kwa miaka arobaini kwenye barabara zilizoinuka kama ukuta. Hakuharakisha hata kidogo. Alisimama kila mara kumsubiri mgeni, na hilo ndilo lililomwumiza mgeni zaidi.

"Pole, mkwe. Tupumzike?"

"Kwani nimesema nimechoka?"

"Hapana. Nimesikia tu unavyopumua."

"Napumua... kwa sababu... naongea."

Kwenye uwanja wa kanisa, kijana aliyejifunika uso mzima kwa kofia ya sufu, macho tu nje, alimjia Bi Mirtha kwa haraka na kuinama miguuni pake. Bi Mirtha alipiga yowe, akaukumbatia mkoba kifuani, akamwita Mama wa Cotoca, Bikira wa kwao, amwokoe. Kijana alirudi nyuma akiwa na brashi mkononi.

"Nilitaka kung'arisha viatu tu, mama," alisema. "Vina vumbi."

Watu waliokuwa kwenye ngazi za kanisa walicheka. Wang'arisha viatu wetu hufunika nyuso ili wanafunzi wenzao chuoni wasiwatambue, na kila mtu anajua, isipokuwa wale wasiojua.

"Msamehe, mwanangu," alisema Bi Benigna. "Ni mgeni. Kwao wezi hawavai kofia."

Alimlipia kijana kwa viatu ambavyo havikung'arishwa. Bi Mirtha alisema atalipa mwenyewe, akaanza kutafuta pochi, sarafu zikamwagika. Bi Benigna alipiga magoti akaziokota zote, moja moja, akampa mkononi na kuifunga mikono ile kama mtu anayempa mtoto pesa ya kanisani. Bi Mirtha hakusema asante. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau, rangi inayopendeza kwenye sketi.

Saa sita wakaketi sokoni kwa mama mmoja anayeuza frikase, mchuzi wa nguruwe wenye pilipili ya manjano, mahindi na viazi vyeusi vilivyokaushwa na baridi. Sisi huila asubuhi baada ya sherehe, kwa sababu ina uwezo wa kufufua. Kwa mtu wa bondeni, siku ya kwanza, ni sawa na kumeza jiwe.

"Nikuagizie supu nyepesi?" aliuliza Bi Benigna. "Tumbo la mgeni ni dogo. Mimi sitakushangaa."

Bi Mirtha alitazama bakuli la mwenzake, kisha akatazama kando, ambako wanawake wawili wenye kofia walikuwa wanamsubiri ashindwe.

"Kubwa," alimwambia mwuzaji. "Kama la kwake."

Alikula. Tumpe haki yake, alikula mpaka viazi vyeusi, ambavyo alikuwa amevisema vibaya maisha yake yote. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso katika baridi ile. Mara moja aliweka kijiko chini na kushika ukingo wa meza, na kwa muda mfupi Bi Benigna aliuona uso wa mwanamke anayeogopa, aliye mbali na nyumbani, asiyeelewa kwa nini moyo wake unagonga hivi. Aliuona vizuri. Akamsogezea pilipili.

*

Nyumba ya akina Quisbert iko juu kabisa ya mtaa, mahali ambapo teksi hukataa. Kuna ngazi za mawe tu, zinapinda mara nne. Chini yake Erlan alikuwa anasubiri ndani ya suti mpya, maboksi yakiwa yamepangwa pande zake zote, akirudia maneno aliyofundishwa na Yovana. Alipomwona mama yake alimkimbilia.

"Mama! Umefanyaje? Bi Benigna, ana soroche, ugonjwa wa mlima! Angalia midomo yake!"

"Nimemwambia apumzike," alisema Bi Benigna. "Mara ngapi, mkwe?"

Bi Mirtha aliinua mkono. "Mara nyingi," alisema. Hakuwa mwongo.

"Basi mimi natangulia kufunga mlango. Nyinyi mje polepole." Na Bi Benigna akapanda ngazi zile na sketi zake zikiyumba, kama mtu anayevuka sebule.

"Tuahirishe, mama," alisema Erlan. "Tuje kesho."

"Ili aseme nimeshindwa kufika mlangoni kwake? Shika keki."

"Basi sikiliza tena. Watafunga mlango, ndiyo desturi yao. Anauliza mama wa binti, anajibu mama wa mume. Watauliza ni nani, unasema. Mnatafuta nini, unasema ua, yaani binti. Wanacheka, wanafungua. Dakika mbili tu. Lakini lazima iwe sauti yako. Ya kwangu haihesabiki."

Walipanda. Kwenye kona ya pili Bi Mirtha alivua viatu. Kwenye ya tatu alikaa chini, juu ya jiwe, na koti lake la manyoya, na Bi Asunta, jirani wa mkabala, alifungua dirisha na kuwaita wengine. Alipofika mbele ya mlango, miguuni amebaki na soksi zilizotoboka, mtaa mzima ulikuwa madirishani. Erlan aligonga.

"Ni nani?" ilitoka sauti ya Bi Benigna ndani.

"Mi... Mirtha."

"Mirtha yupi? Mirtha ni wengi."

"Mirtha Saucedo. Wa Santa Cruz."

"Unauza nini? Leo hatununui kitu."

Madirisha yalicheka. Ulikuwa utani mzuri, wa kawaida, na hakuna aliyejua umetoka wapi isipokuwa watu wawili waliokuwa ndani.

"Sikuja... kuuza. Natafuta ua."

"Maua yapo sokoni. Tumepita huko wote wawili, hukununua hata moja."

Wakacheka tena. Bi Asunta alilazimika kujifuta macho. Ndani, Mzee Fermín, aliyevaa suti yake ya harusi, aliweka mkono juu ya komeo.

"Benigna. Inatosha. Msikilize anavyopumua."

"Bado moja."

"Mama, fungua," alisema Yovana.

"Nimesema bado moja." Akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Bi Mirtha. Mwezi wa pili, pale kwako. Kiti changu kilinuka nini?"

Madirisha yalinyamaza, kwa sababu swali hilo halimo kwenye desturi. Erlan alimtazama mama yake. "Kiti gani?"

Bi Mirtha aliegemea ukuta. Angeweza kusema mbu. Lakini uongo una maneno mengi, na yeye pumzi zilikuwa zimebaki chache.

"Hakikunuka," alisema.

Ndani, Bi Benigna alifumba macho. Miezi sita alikuwa ameyangoja maneno hayo, ameyasikia usingizini, kwenye foleni, kanisani wakati wa mahubiri. Sasa yalikuwa yamefika, na mkono wake ulikuwa umeshagusa komeo. Angeliinua, tungemsifu wote na kwenda kula. Lakini yalikuwa matamu mno, na yalikuwa yamesemwa polepole mno.

"Rudia," alisema. "Majirani hawajasikia."

Bi Mirtha alifungua mdomo ili arudie. Kilichotoka ni frikase, yote, na viazi vyeusi, juu ya ngazi, juu ya suti ya Erlan, juu ya ngazi ya kwanza na ya pili ya keki. Kisha akateleza ukutani mpaka chini.

"Yesu wangu!" alipiga kelele Bi Asunta. "Anatufia hapa!"

Kilichofuata kilichukua muda mfupi. Yovana alimsukuma mama yake, akainua komeo, akafungua mlango kwa mikono yake mwenyewe na kutoka nje.

Mtaa mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, na si kwa ajili ya mgonjwa. Mtaani kwetu, binti akijifungulia mlango siku ya posa, ina maana ameshaondoka kwao. Wazazi wake hawana tena la kusema: siku ya harusi, mahali, wasimamizi, vyote ni vya upande wa mume. Wa mwisho kufanya hivyo alikuwa dada yake Bi Asunta, ambaye mpaka leo, na wajukuu saba, anaitwa Kitasa.

Yovana alikuwa ameshapiga magoti kwenye matapishi, ameshika mkono wa Bi Mirtha, anahesabu mapigo. Aliinua macho.

"Nilikuomba usimtukane, mama."

"Sijamtukana."

"Ni kweli," alisema Yovana. "Hujamtukana." Akageuka. "Erlan, shika miguu. Baba, maji ya moto."

*

Walimlaza kwenye benchi la sebuleni, chini ya rafu ya kofia. Yovana alimwinua kichwa, akamletea kikombe cha chai ya koka.

"Sinywi maja..."

"Kunywa, mama mkwe."

Alikunywa. Cha pili alikiomba mwenyewe. Polepole midomo yake iliacha kuwa ya zambarau. Erlan, aliyevaa sasa shati la Mzee Fermín lililoishia kwenye viwiko, alikuwa amesimama dirishani bila kumtazama mama yake.

"Kiti gani, mama?"

"Nilikipulizia marashi. Alipoinuka."

"Akiwa hayupo?"

"Akiwa ananiangalia."

Mzee Fermín aliokota kofia moja na kuifuta vumbi lisilokuwepo. Erlan aligeuka kutoka dirishani, akavuka sebule, akamshika Bi Benigna mikono na kumwambia, "Samahani, mama," na ilikuwa ndiyo samahani ya kwanza kusikika katika shauri hili lote, kutoka kwa mtu asiyehusika.

Bi Benigna aliitoa mikono yake taratibu. Alivuta kigoda akakaa mbele ya benchi, magoti yake karibu yaguse ya mgeni.

"Na mimi nilijua utaanguka," alimwambia Bi Mirtha. "Nilitaka uanguke sokoni. Ulipomaliza lile bakuli nilikasirika mpaka basi."

"Lilikuwa baya sana."

"Si baya. Umelila vibaya."

"Na wewe ulikalia kile kiti," alisema Bi Mirtha. "Kimelowa. Ukala keki mpaka makombo. Usiku ule sikulala, nikasema, mwanamke huyu akiingia kwenye familia yangu hatutapumua." Alijipangusa midomo. "Sikujua kama ndivyo hasa itakavyokuwa."

Yovana alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Bi Benigna hakucheka. Alikuwa anaona kitu kinachorudi kwenye macho ya mgeni pamoja na damu, na alikitambua, maana yeye mwenyewe hukitazama kwenye kioo kila asubuhi.

"Erlan alinieleza desturi zenu kwenye ndege," alisema Bi Mirtha. "Nilidhani ni upuuzi. Binti akijifungulia mlango, nani anapanga harusi?"

Mzee Fermín alikohoa. Safari hii hakuna aliyemwuliza.

"Upande wa mume," alisema Bi Benigna.

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Santa Cruz basi." Bi Mirtha alijiinua kwa kiwiko, nywele zimemsimama upande mmoja. "Erlan, kwetu joto linaua mwezi gani?"

"Mama, tafadhali."

"Desemba. Katikati ya Desemba. Saa saba mchana, uwanjani."

"Na mahema?" aliuliza Yovana.

"Mahema yanaharibu picha." Alimgeukia Bi Benigna kwa tabasamu la mwenye nyumba. "Na wewe mkwe nataka uje kwa heshima yako yote. Shali. Kofia. Sketi za ndani huwa unavaa ngapi?"

"Sita."

"Vaa zote."

Nje, Bi Asunta alikuwa anamwaga ndoo ya maji kwenye ngazi na kumsimulia mtu wa chini, kwa sauti, tangu mwanzo. Yovana na Erlan walitazamana kama watu waliojenga nyumba katikati ya kambi mbili za jeshi, na Erlan akamshika mkono.

Bi Benigna aliinuka, akachukua birika, akamimina kikombe cha tatu mpaka juu.

"Nitavaa nane," alisema. Akamwekea kikombe mkononi, kwa upole ule ule wa asubuhi. "Kunywa, mkwe. Kunywa yote. Sitaki ufe kabla ya Desemba."